Kuzalisha Chihuahua Lubumbashi: pesa inakwenda wapi, na hatari ziko wapi?

papa_kampemba

Jambo yenu wote. Nataka kuanza kuzalisha mbwa wadogo wa ndani hapa Lubumbashi: kwanza Chihuahua, baadaye Yorkshire. Kuna muuzaji ananipa jike wa miezi 11, kilo 1.6, kwa dola 500, na dume wa miaka 2, kilo 2.4, kwa dola 400. Anasema jike ameshapita joto la kwanza (siku za kutaka dume), la pili litafika mwezi wa 4, na hapo hapo nimpandishe.

Hesabu yangu ni hii: watoto 4 kwa kila uzao, uzao mara 2 kwa mwaka, mtoto mmoja dola 300. Inafika dola 2,400 kwa mwaka. Chakula chao ni kidogo, na nyumba yao ni kona ya sebule. Veterineri niliyemuuliza anadai dola 200 kwa upasuaji wa kuzalisha mchana, 300 usiku, ila muuzaji ananiambia nisiiweke pesa hiyo kwenye hesabu kwa sababu mbwa anazaa peke yake.

Wenye kuijua kazi hii waniambie: pesa inakwenda wapi kweli, na ni wapi mtu anapoteza mbwa? Halafu kwetu umeme unakatika mara nyingi usiku. Sijui kama hilo nalo ni tatizo.

veto_kalubwe

Papa, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa. Usimnunue jike huyo kwa ajili ya kuzalisha. Anaweza kuwa mbwa mzuri wa nyumbani, lakini jike wa kilo 1.6 kupandwa na dume wa kilo 2.4 ni mpango uliopinduliwa. Kwa Chihuahua mama ndiye awe mkubwa, dume awe mdogo kwa mwili kuliko yeye. Tafuta jike wa kilo 2.3 hadi 3, mwenye nyonga pana, aliyepita miezi 18. Miezi 11 bado ni mtoto. Na usinunue jike wa miaka 5 ambaye hajawahi kuzaa, hata akiwa wa bei rahisi.

Sababu iko kwenye kichwa. Kichwa cha Chihuahua ni cha duara na kipana, na kinazaliwa hivyo. Mama akiwa mdogo, watoto hawapungui kwa kiasi kile kile, kwa hiyo kichwa kinakwama kwenye nyonga na mama anasukuma mpaka nguvu zinaisha. Hapo tumbo la uzazi linachoka na kuacha kubana, na hata mtoto wa pili ambaye angepita bila shida naye anabaki ndani.

Sasa hesabu yako. Chihuahua huzaa watoto 2 au 3, mmoja si ajabu, na 4 ni uzao mkubwa. Joto linarudi kila miezi 6 hadi 7, lakini jike mdogo anayezalishwa kila joto anaisha haraka. Weka uzao mmoja kwa mwaka, na 3 au 4 kwa maisha yake yote. Kwa bei yako hiyo ni dola 600 hadi 900 kwa mwaka mzuri, kabla ya kutoa chochote.

Kitu ambacho muuzaji hakukuambia ni kwamba uzao mdogo ndio wenye bili kubwa. Mtoto akiwa peke yake tumboni anapata chakula chote, anakuwa mkubwa. Pia ni watoto wenyewe wanaotoa ishara ya homoni ya kuanzisha uchungu, na ishara ya mmoja mara nyingi haitoshi. Siku zinapita, kondo linazeeka, mtoto anafia ndani. Kwa hiyo mimba ya mtoto mmoja wa dola 300 ndiyo inayokupeleka kwenye upasuaji wa dola 300. Pesa ya upasuaji iwe mkononi, taslimu, kabla jike hajapandishwa. Kama haipo, usipandishe.

Kabla ya kupandisha, wote wawili wapimwe Brucella canis, ugonjwa wa bakteria. Inatoa mimba kati ya siku ya 45 na ya 59, inakaa kwenye mbwa maisha yote, na inaambukiza watu. Dume wa kukodi ambaye mwenyewe hataki apimwe, mwache.

Siku ya kupandisha usiikisie kwa kuangalia damu tu. Wengi wanakubali dume siku ya 10 hadi ya 14 tangu damu ianze, ila wapo wa siku ya 7 na wapo wa siku ya 20. Pima projesteroni. Homoni hiyo ni moja kwa mbwa na kwa wanawake, kwa hiyo maabara inayopima ya akina mama inaweza kupima na ya mbwa. Anza siku ya 6 hivi, rudia kila siku 2. Angalia kizio kilichoandikwa kwenye karatasi, maana ng/ml 1 ni sawa na nmol/l 3.18, na watu wengi wanapotea hapo. Ikifika ng/ml 5 hivi, mayai yanatoka. Yanahitaji siku 2 kukomaa, kwa hiyo pandisha siku ya 2 na ya 4 baada ya hapo.

Kipimo hicho kinaokoa pesa baadaye. Kutoka siku mayai yalipotoka hadi kuzaa ni siku 63, ikizidi au kupungua ni siku 1. Ukihesabu kutoka siku ya kupandwa, kuzaa kunaweza kuwa popote kati ya siku ya 58 na ya 68, na katika siku hizo 10 hujui kama mtoto amechelewa au bado hajaiva. Ukiijua siku yenyewe, mimba ya mtoto mmoja unaipangia upasuaji mchana.

Ekografi (picha ya tumbo kwa mawimbi ya sauti) ya siku ya 28 inathibitisha mimba lakini haihesabu vizuri. Radio (picha ya eksirei) ifanywe siku ya 55 au baadaye, mifupa ikiwa imeshaonekana: hesabu vichwa, kisha linganisha kichwa kikubwa na upana wa nyonga. Radio hiyo moja ndiyo inayoamua kama atajaribu mwenyewe au hapana.

Kuanzia siku ya 58 pima joto la mwili kwenye njia ya haja kubwa, asubuhi na jioni, uandike. Likishuka chini ya 37.2, uchungu unakuja ndani ya saa 12 hadi 24. Mpigie veterineri ukiona moja ya haya: anasukuma kwa nguvu dakika 20 hadi 30 na hakuna kilichotoka, saa 2 zimepita tangu mtoto wa mwisho na radio ilionyesha mwingine, maji ya kijani yametoka kabla ya mtoto wa kwanza, maana kondo limeshaachia, au saa 24 zimepita tangu joto lishuke na hakuna uchungu. Kwenye ekografi mapigo ya moyo wa mtoto yawe zaidi ya 200 kwa dakika. Yakiwa chini ya 180 anateseka, na chini ya 150 hamna muda wa kujadiliana.

Na tafadhali, hakuna oksitosini ya farmasi. Ampuli ya wanawake ina yuniti 10. Jike wa kilo 2 anapewa yuniti moja au chini ya hapo, na ni baada tu ya kuhakikisha njia iko wazi. Ukimpiga ampuli nzima, tumbo la uzazi linabana bila kuachia, watoto wanakosa hewa, na kama kichwa kimekwama linaweza kupasuka.

Muulize pia veterineri wako atamlaza kwa dawa gani. Zailazini, ambayo iko kila mahali kwa sababu ya ng'ombe, inaua watoto wanaotolewa kwa upasuaji kwa kuwazuia kupumua. Propofoli, au gesi ya isoflurani, au ganzi ya mgongoni ni salama zaidi. Kama jibu lake ni ketamini na zailazini tu, tafuta mwingine mapema, si usiku ule. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya wanyama. Anzia kuulizia huko.

mama_bichon_golf

Dokta ameshasema ya kuzaa. Mimi naongeza ya siku 21 zinazofuata, kwa sababu ndipo watoto wengi wanapofia, na swali lako la umeme liko hapo.

Papa Kampemba, angalia kalenda kwanza. Akipandwa mwezi wa 4 atazaa mwezi wa 6. Lubumbashi mwezi wa 6 na wa 7 usiku unashuka chini ya nyuzi 10, na sakafu ya sementi ni baridi zaidi ya hewa. Mtoto wa Chihuahua anazaliwa na gramu 70 hadi 140. Hajui kutetemeka, hana mafuta, na joto la mwili wake wiki ya kwanza ni 35 hadi 37 tu. Likishuka chini ya 34.5 utumbo unasimama: maziwa yanabaki tumboni, yanachacha, au yanapanda na kuingia kwenye mapafu. Kwa hiyo ukikuta mtoto baridi asiyenyonya, usimpe maziwa. Mpashe kwanza, polepole, saa 1 hadi 3, ukimweka kifuani ndani ya nguo au juu ya chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa. Akishapata joto na kuanza kutafuta chuchu, ndipo anyonyeshwe. Mtu akishika mtoto baridi, mkono unakimbilia maziwa, na maziwa hayo ndiyo yanayomaliza kazi.

Sanduku: sentimita 60 kwa 60 linatosha, kingo za sentimita 25 hadi 30, liinuliwe kutoka sakafuni kwa mbao au magodoro mawili ya povu. Joto pale pale watoto wanapolala, si joto la chumba, liwe 29 hadi 32 wiki ya kwanza, 27 hivi wiki ya pili na ya tatu, 24 wiki ya nne. Weka termometa ndani ya sanduku kwenye usawa wa watoto. Pasha upande mmoja tu, upande mwingine uwe wa kawaida, ili wanaosikia joto wasogee na mama naye apate pa kupumzika. Watoto waliorundikana wanasikia baridi. Waliotawanyika, kila mmoja kona yake wakilia, wamezidiwa na joto.

Umeme ukikatika, msaada ni chupa za plastiki za lita 1.5 zenye maji ya moto, zimefungwa taulo mara mbili, zibadilishwe kila saa 2 hivi. Chupa ikipoa inageuka kuvuta joto la watoto, kwa hiyo weka saa ya kuamsha. Taa za LED hazitoi joto la maana, usidanganyike na mwanga. Na mbabula (jiko la makaa) isiingie chumba hicho hata kidogo. Makaa yaliyoiva hayatoi moshi lakini hewa yake ya sumu inajaa chini ya dari na chini ya kitanda sawasawa, na mtoto wa gramu 100 anaondoka kabla yako. Chemshia maji nje, ingiza chupa.

Mizani ya jikoni inayosoma gramu 1 ndicho chombo cha kwanza kununua, kabla ya kitanda kizuri. Pima kila mtoto wakati ule ule kila siku. Siku ya kwanza anaweza kupungua kidogo, si zaidi ya asilimia 10. Baada ya hapo aongeze asilimia 5 hadi 10 kwa siku, na awe mara mbili ya uzito wa kuzaliwa kati ya siku ya 7 na ya 12. Mtoto aliyezaliwa na gramu 110, leo 118, kesho 118, keshokutwa 115, huyo ameshaanza kufa hata kama bado analia kwa nguvu. Macho hayataona kitu. Mizani imeshasema siku 2 nzima kabla.

Akihitaji kusaidiwa, maziwa ya ng'ombe peke yake hayafai: ya mbwa yana mafuta mara 2 na zaidi na protini mara 2, na sukari ya maziwa kidogo. Nunua maziwa ya unga ya watoto wa mbwa kabla ya kuzaa. Kiasi ni mililita 15 hadi 20 kwa kila gramu 100 za uzito kwa siku, na tumbo lake halibebi zaidi ya mililita 4 kwa gramu 100 kwa mara moja. Kwa hiyo mtoto wa gramu 120 anapata mililita 3 kila saa 3, mchana na usiku. Ziwe na joto la 38. Anyonye akilala kifudifudi kama kwa mama yake, kamwe si chali. Kisha panguse sehemu za haja kwa pamba yenye maji ya vuguvugu mpaka akojoe, maana hawezi peke yake. Dang'a ya mama (maziwa ya kwanza kabisa) aipate ndani ya saa 12 za kwanza. Ikishapita siku moja utumbo hauipokei tena.

Kitovu: funga kwa uzi safi sentimita 1 hadi 2 kutoka tumboni, kata upande wa nje, chovya ayodini. Mtoto aliyetoka bila kupumua umsugue kwa taulo kavu lenye joto na kunyonya maji puani kwa pampu ndogo ya watoto. Usimrushe kichwa chini kama wanavyofanya wengine. Ubongo unavuja damu.

Ukitaka tarehe nzuri, subiri joto linaloangukia mwezi wa 8, azae mwezi wa 10. Ila kwa Pekingese na wengine wa pua fupi mwezi wa 10 nao una hatari yake, kwa sababu ya joto kali mchana kwa mama mwenyewe.

papa_kampemba

Aksanti sana dokta, aksanti mama. Nimemwambia muuzaji simchukui jike. Sasa ananiletea mwingine, kilo 2.5, miezi 20, rangi ya madoadoa ya kijivu, na anasema dume wake ana rangi hiyo hiyo, watoto watatoka wazuri na wa bei. Tena ana "mini" wa gramu 900. Pia ameniambia nimpe jike vidonge vya kalsiamu tangu mimba ianze ili maziwa yawe mengi. Ni sawa? Chakula nilidhani bukari (ugali) na ndagala (dagaa) kinatosha.

veto_kalubwe

Kalsiamu wakati wa mimba, hapana. Mwili una tezi ndogo shingoni zinazojua kutoa kalsiamu kwenye mifupa inapohitajika. Ukimimina vidonge wiki 9, tezi hizo zinalala. Halafu watoto wanaanza kunyonya kwa nguvu, kalsiamu inakwenda yote kwenye maziwa, tezi haziamki kwa wakati, na mama anaanguka. Vidonge vinavyotolewa kuzuia ugonjwa ndivyo vinavyouleta.

Ugonjwa wenyewe, wa kalsiamu kushuka kwenye damu, unashika hasa majike wadogo, wiki ya 1 hadi ya 4 baada ya kuzaa, zaidi ya 2 na ya 3. Mama anahema bila sababu, hatulii, anawakimbia watoto, anakuna uso, anatembea miguu imekakamaa. Baadaye misuli inatetemeka, kisha degedege, na joto linapita 40. Kutoka kuhema hadi degedege ni saa chache. Watoe watoto mara moja, mama apelekwe kwa veterineri: kalsiamu glukoneti ya asilimia 10 kwenye mshipa, polepole, dakika 10 hadi 30, moyo ukisikilizwa muda wote. Ikisukumwa haraka moyo unasimama, kwa hiyo hii si sindano ya kupigwa na jirani. Watoto wakae bila kunyonya saa 12 hadi 24, wapewe maziwa ya unga. Baada ya hapo ndipo kalsiamu ya mdomo inaingia, kwa kipimo cha daktari.

Chakula: bukari inajaza tumbo ambalo ni dogo kama yai, bila nguvu ya kutosha. Wiki 3 za mwisho za mimba na wakati wote wa kunyonyesha mpe kroketi (punje za chakula kikavu) za watoto wa mbwa, mara 4 kwa siku. Anayenyonyesha anahitaji mara 2 hadi 3 ya chakula chake cha kawaida. Ndagala zinasaidia zikioshwa vizuri. Zina mchanga na mara nyingi chumvi.

yorkshire_katuba

Papa, kuhusu rangi: hayo madoadoa ya kijivu yanaitwa merle. Dume merle na jike merle hawapandishwi pamoja. Robo ya watoto, kwa wastani, wanarithi jeni hiyo pande zote mbili, na hao ndio wanaoweza kuzaliwa viziwi, au na macho madogo yasiyoona, au vyote viwili. Mmoja akiwa merle, mwenzake awe wa rangi ya kawaida kabisa. Anayekuambia wote wawili ni sawa, ama hajui ama anajua na anauza tu.

"Mini" si aina ya mbwa. Ni Chihuahua aliyezaliwa mdogo kupita kiasi, au aliyenyimwa chakula, au mwenye ugonjwa, au ni mtoto wa wiki 6 anayeuzwa kwa umri wa uongo. Hafai kuzalisha. Angalia mambo haya kwa mikono yako kabla ya kutoa pesa: utosi, ukiwa wazi na mpana huku macho yakitazama nje na chini, huenda ana maji kichwani. Goti la nyuma, nyoosha mguu na usukume kilegesambwa kwa kidole gumba kwenda ndani. Kikitoka kwenye njia yake na kubaki nje, usimzalishe, maana kinarithiwa na utakuwa unauza vilema. Meno, mbwa wa miezi 8 mwenye meno ya utoto pembeni ya makubwa atahitaji kung'olewa. Kifua, akikohoa kama bata ukivuta kamba shingoni, koo lake linabonyea. Kwa Yorkshire na Maltese ongeza ini: kuna mshipa unaopitisha damu bila kuingia kwenye ini, na mtoto huyo hakui, anapepesuka baada ya kula. Aliyetoa mtoto wa namna hiyo asipandishwe tena.

Usiuze kabla ya wiki 12. Ufaransa sheria inazuia kuuza mtoto chini ya wiki 8, na hiyo ni kwa mbwa wa ukubwa wowote. Wadogo hawa hawana misuli wala akiba ya sukari kwenye ini. Wakikosa chakula saa chache, au wakishikwashikwa na watoto siku nzima kwenye nyumba mpya, sukari inashuka. Anapepesuka, analegea, ufizi unakuwa mweupe, anakakamaa. Paka asali ufizini, nusu mililita, usimimine kinywani mwa aliyezimia. Akiamka apate chakula, kisha apelekwe kwa daktari. Kila mnunuzi aondoke na kroketi zile zile alizozoea, na maagizo ya kumlisha mara 4 hadi 6 kwa siku. Hizo wiki 4 za ziada ni kroketi, dawa ya minyoo na chanjo kwa gharama yako. Ziweke kwenye bei.

mama_bichon_golf

Kwenye gharama hizo, minyoo inaanza mapema kuliko watu wanavyofikiri. Ile mirefu inapita kutoka kwa mama kabla mtoto hajazaliwa. Piranteli miligramu 5 kwa kilo, wiki ya 2, ya 4, ya 6 na ya 8. Chanjo za parvo (virusi vya kuharisha damu) na homa ya mbwa (distemper) zianze wiki ya 6 hadi ya 8, zirudiwe kila wiki 3 au 4 mpaka wiki 16. Uliza chanjo ilikaa kwenye friji ya namna gani, maana inataka nyuzi 2 hadi 8, na kwa umeme wetu swali hilo ni la haki. Mnunuzi anayekuja kuangalia watoto avue viatu nje. Parvo inakaa ardhini miezi mingi. Sakafu ioshwe kwa sabuni kwanza, kisha javeli (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) kipimo 1 kwa maji vipimo 30, ikae dakika 10. Juu ya uchafu javeli haifanyi kazi.

Kupe wa msimu wa mvua ndio wanaoua kimya kimya, lakini dawa za ng'ombe zinaua kwa sauti. Ivermektini ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwenye mililita moja. Kwa mbwa wa kilo 1.5 kipimo cha miligramu 0.2 kwa kilo ni mililita 0.03, yaani tone. Mtu akivuta 0.3 kwenye bomba la sindano, ambayo kwa macho bado inaonekana kidogo, amempa mara 10. Amitrazi ya kuogeshea ng'ombe msiiguse kabisa kwa Chihuahua. Ziko dawa za kupe za mbwa zilizopimwa kwa uzito. Zote soma uzito wa chini ulioandikwa kwenye boksi, na kama zinaruhusiwa kwa anayenyonyesha.

papa_kampemba

Nimeelewa. Swali la mwisho: mtu mmoja anataka mtoto wa kumpeleka Ubelgiji. Naweza kumpa akiwa na wiki 12 na cheti cha chanjo?

veto_kalubwe

Kumpa unaweza, kusafiri naye bado. Kongo haiko kwenye orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unazipunguzia masharti ya kichaa cha mbwa. Utaratibu unakwenda hivi, na mpangilio haugeuzwi: kwanza chipu ya utambulisho ya tarakimu 15 chini ya ngozi, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa akiwa na wiki 12 au zaidi. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi. Baada ya siku 30 au zaidi damu inatolewa na kupelekwa kwenye maabara inayotambuliwa na Umoja wa Ulaya. Wanapima kinga ya kichaa cha mbwa, na jibu liwe IU/ml 0.5 au zaidi. Kutoka siku damu ilipotolewa anasubiri miezi 3 kamili ndipo aingie. Kwa hiyo mtoto atakuwa na miezi 7 hivi. Kubalianeni sasa, kwa maandishi, ni nani anayemlisha na kulipia maabara katika miezi hiyo, na chukua malipo ya awali kabla ya kuweka chipu.